Kampeni za matangazo Mtwara na Lindi: tuigawe hadhira kwa siku ya malipo kabla ya kuigawa kwa umri

#1 Dada_wa_Chikongola

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninasimamia matangazo ya duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi mawili, moja Mtwara mjini na jingine Newala. Tunauza bati, misumari, nondo, rangi na sola za majumbani. Nimeona niandike sasa, kabla minada ya korosho haijaanza, kwa sababu kila ifikapo Oktoba wafanyabiashara wengi wa huku Kusini hurudia kosa nililolifanya mimi: hupiga picha ya bidhaa, hubonyeza kitufe cha kubusti, yaani kulipia chapisho la ukurasa lionekane kwa watu wengi zaidi, huchagua Tanzania nzima na umri wa miaka 18 hadi 65, kisha husubiri simu iite. Simu yangu iliita sana. Waliopiga walikuwa Mwanza, Mbeya na Arusha, watu wema waliotaka kujua bei ya bati la geji 28 na kama tunasafirisha, na fedha ya mwezi mzima ikaisha kabla mnada wa kwanza haujafanyika.

Kosa la pili ndilo lililonifundisha zaidi. Msimu uliofuata nilibana eneo, nikalenga Newala na Tandahimba peke yake, nikarusha matangazo pamoja na SMS za mkupuo siku ileile bei ya mnada wa kwanza ilipotangazwa. Niliamini nimewahi. Jioni yake mama mmoja aliyewahi kununua misumari kwetu akanijibu: "Mwanangu, bei nimeisikia, lakini korosho zangu bado ziko ghalani."

Wenyeji wa mikoa hii wanaujua mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwenye korosho ulianzia hapa Mtwara msimu wa 2007/08, lakini nitaueleza kidogo kwa faida ya wasioujua. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS; chama hukusanya na kupeleka ghala kuu; shehena huuzwa mnadani; mnunuzi hulipa; na malipo hushuka kupitia ushirika hadi kwenye akaunti ya benki ya mkulima. Kati ya siku ya kupima korosho na siku ya kupokea fedha hupita siku kadhaa, pengine majuma, na siku hizo hazilingani kwa watu wote, kwa kuwa shehena iliyoingia mnada wa kwanza hulipwa mapema kuliko iliyosubiri mnada wa tatu. Kwa hiyo wakulima wawili wa kijiji kimoja, wenye umri mmoja, simu za aina moja na wanaofuatilia kurasa zilezile za mpira, wanaweza kutofautiana kwa jambo moja tu ambalo kwetu wauza bati ndilo lenye uzito: mmoja ameshalipwa na mwenzake hajalipwa. Hakuna kisanduku chochote cha kuteua ndani ya programu ya matangazo kitakachowatenganisha watu hao. Atakayewatenganisha ni wewe, kwa daftari lako.

Baada ya hapo ndipo programu yenyewe inapofaa kueleweka. Ads Manager ya Meta, ambayo ndiyo hutawala matangazo ya Facebook na Instagram, imepangwa kwa ngazi tatu, na watu wengi hupotea kwa sababu wanazichanganya. Ngazi ya juu ni kampeni, na kazi yake kuu ni kubeba lengo. Tangu mabadiliko ya 2022 malengo yamebaki sita, yaani kujulikana, kupeleka watu kwenye tovuti, kushirikisha watu, kupata mawasiliano ya wateja, kutangaza programu ya simu, na mauzo. Ngazi ya kati ni seti ya matangazo, ambamo unaamua hadhira, eneo, tarehe, mahali tangazo litakapoonekana na, ukitaka, bajeti. Ngazi ya chini ni tangazo lenyewe, yaani picha, maneno na kitufe. Anayebusti kutoka kwenye ukurasa wake hupewa sehemu ndogo tu ya maamuzi haya, mengine huamuliwa kwa niaba yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hata mwenye shilingi 50,000 aingie kwenye Ads Manager, ajifunze kwa siku mbili, kuliko kubusti.

Lengo lichaguliwe kwa uaminifu. Ukichagua kujulikana, mfumo utawatafuta watu wengi iwezekanavyo watakaoliona tangazo na kupita zao, na utaupata umati huo kwa bei nafuu, kisha utashangaa mbona dukani hajaja mtu. Sisi hatuna tovuti ya kuuzia, tunauza kwa mazungumzo, hivyo lengo letu ni watu waanzishe mazungumzo ya WhatsApp. Kampeni moja ibebe lengo moja. Nimeona watu wakitaka tangazo moja liuze bati, litangaze tawi jipya na liongeze wafuasi wa ukurasa, na halikufanya lolote kati ya hayo.

Kuhusu eneo, lazima muwe waangalifu. Programu hukuruhusu kuchoma pini kwenye ramani na kuchora duara linaloweza kufika kilometa 80. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, Ruvuma iko chini yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ukichora duara la kilometa 40 kutoka Newala mjini, sehemu yake inaangukia nchi jirani ambako bati lako halitafika. Ondoa Msumbiji kwenye orodha ya maeneo. Tena kumbukeni kwamba kwa Meta "eneo" lina maana ya watu wanaoishi hapo pamoja na waliopita hapo karibuni, na wanaotumia VPN, yaani programu za kuficha mahali mtu alipo, huonekana wako mahali pengine kabisa. Eneo ni makisio, na tulitumie kwa kiasi hicho.

Sasa daftari. Kwetu kila anayenunua au kuuliza bei huandikwa mambo matano: jina, namba ya simu, kijiji, AMCOS anayopelekea korosho kama ni mkulima, na alichonunua au alichouliza. Tunamweleza tunayaandika kwa ajili gani, na asiyetaka haandikwi. Kutokana na daftari hilo napata makundi matatu ambayo hayafanani hata kidogo. Wapo waliouliza bei ya bati wakaondoka. Hao ndio dhahabu yetu, kwa sababu wameshapima paa na wanasubiri fedha. Wapo walionunua bati mwaka jana. Kuwatangazia bati tena ni kuwachosha, bali rangi, dari na sola wanaweza kuvihitaji. Na wapo waliomaliza nyumba. Hao nawatoa kabisa kwenye matangazo, nawatumia salamu za Idi, basi.

Orodha hiyo unaweza kuipandisha kwenye Ads Manager ikawa hadhira maalumu. Namba ziandikwe zikianza na 255, siyo 0, la sivyo nyingi hazitatambuliwa. Programu huzigeuza kuwa msimbo kwa njia ya SHA-256 kabla ya kuzilinganisha na akaunti zilizopo, na zinazolingana huingia kwenye hadhira. Ukiwa na watu wasiopungua 100 wa nchi moja waliotambuliwa, unaweza pia kuagiza hadhira mfanano, yaani watu wapya wanaofanana na wateja wako, ingawa kwa uzoefu wangu orodha ndogo hivyo hutoa mfanano dhaifu. Muhimu kuliko kuongeza ni kuondoa: orodha ya walionunua bati iwekwe kwenye sehemu ya watu wasiooneshwa tangazo la bati. Wafanyabiashara wengi sana hawajawahi kuifungua sehemu hiyo.

Naomba michango yenu, hasa ya wale wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa.

#2 Fundi_Paa_Masasi

Dada, nashukuru kwa maelezo. Mimi ni fundi wa paa na nina duka dogo hapa Masasi. Kwa jinsi ulivyoeleza, nimefikiri msimu huu nitenge shilingi 300,000 kwa majuma matatu, nifungue seti nane za matangazo: Masasi mjini, Ndanda, Lukuledi, Nanyumbu, Newala, Tandahimba, Nanyamba na Mtwara, kila moja na tangazo lake linalotaja jina la mahali. Je, nitakuwa nimepatia?

#3 Dada_wa_Chikongola

Kaka, wazo la kutaja mahali ni zuri, lakini seti nane zitaimaliza fedha yako kabla mfumo haujajifunza chochote, na nitakuonesha kwa hesabu.

Kila seti mpya hupita kipindi cha kujifunza, ambamo mfumo unajaribu kuwaonesha watu mbalimbali ili ujue ni nani huitikia. Meta wenyewe husema seti huhitaji matokeo yapatayo 50 ndani ya siku 7 ili itulie, na kila ukibadilisha hadhira, au ukibadilisha bajeti kwa kiasi kikubwa, kipindi hicho huanza upya. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mazungumzo moja ya WhatsApp yanakugharimu shilingi 1,000. Mazungumzo 50 kwa juma ni shilingi 50,000 kwa seti moja. Wewe una shilingi 100,000 kwa juma, kwa hiyo zinakutosha seti mbili. Ukifungua nane, kila moja itapata shilingi 12,500, italeta watu kumi na wawili hivi, na zote zitabaki kujifunza mpaka majuma matatu yaishe.

Ninachokifanya mimi ni hiki: mgawanyo mkubwa naubakiza Facebook, mgawanyo mdogo naupeleka kwenye SMS. Facebook nina seti mbili, moja ya eneo la TANECU, yaani Tandahimba na Newala, na nyingine ya eneo la MAMCU, yaani Masasi, Nanyumbu na upande wa Mtwara. Nimezigawa hivyo kwa sababu vyama vikuu hivyo viwili hufanya minada yao kwa siku tofauti, na malipo yao hushuka kwa siku tofauti, hivyo naweza kuiwasha moja na kuizima nyingine bila kuharibu kitu. Ndani ya kila eneo, sitafuti kijiji kwa kijiji kupitia Facebook. Kijiji kwa kijiji ni kazi ya SMS, kwa sababu SMS haihitaji kujifunza: ukiwa na namba 70 za watu wa AMCOS moja, na umesikia kwamba wameanza kulipwa, unawaandikia hao 70 peke yao asubuhi ya siku hiyo.

Na nakuomba usiguse seti kila siku. Najua mkono huwasha, hasa siku mbili za kwanza ambapo gharama huwa juu, lakini ukiitikisa kila siku unairudisha mwanzo kila siku.

#4 Mtunza_Ghala

Nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi na nimeupenda. Mimi nafanya kazi kwenye ushirika, sitasema wapi. Mnahangaika na madaftari ilhali taarifa zote zipo: majina ya wakulima, namba za simu, kilo walizopima na siku waliyolipwa. Ukielewana na karani mmoja, unapata orodha ya chama kizima kwa siku moja. Kwa nini msifanye hivyo?

#5 Dada_wa_Chikongola

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima, lakini kwa msimamo: hapana, na nawasihi wote wanaosoma wasifanye hivyo.

Mkulima alitoa namba yake kwa ushirika ili alipwe korosho zake. Hakuitoa ili auziwe bati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililoelezwa na zitumike kwa kusudi hilo. Inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Karani anayeuza orodha amevunja sheria, na mwenye duka anayeinunua amevunja pia. Aidha, masharti ya Meta yanamtaka anayepandisha orodha awe na haki ya kuitumia.

Hata sheria isingekuwepo, mimi nisingeichukua. Watu wetu wameumizwa vya kutosha na wanaojua kabla yao kwamba fedha iko njiani. Wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kienyeji nje ya ushirika, waliishi kwa kujua nani ana shida kabla ya msimu, wakamnunulia kwa bei ya kutupa. Muuza duka anayejua kilo zako na siku yako ya malipo bila wewe kumwambia amesimama mahali palepale pa mtu wa kangomba. Daftari langu ni dogo na limejaa polepole, lakini kila aliyemo alisimama mbele ya kaunta akakubali kuandikwa, na nikimpigia ananijua.

Siku ya malipo ya AMCOS haina siri. Huzungumzwa sokoni, kwenye vijiwe vya bodaboda, na utaiona kwa macho benki, foleni inapoanzia nje. Mtu wetu wa tawi la Newala ana kazi hiyo kila asubuhi ya msimu: apite, asikie, anipigie. Kwa makundi ninayotaka kuyatenganisha, hiyo inanitosha.

#6 Mtunza_Ghala

Nimekuelewa, dada. Sikuwa nimelitazama kwa upande wa kangomba. Naliondoa wazo langu.

#7 Nachingwea_Kwetu

Wadau, naomba niongeze upande wa Lindi, maana mkituwekea kalenda ya Mtwara mtatukosa. Sisi wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale tuko chini ya chama kikuu cha RUNALI, na fedha kwetu haiji mara moja kwa mwaka. Ufuta huanza kuuzwa mnadani katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho hufunga. Mtu wa Nachingwea anayelima vyote vitatu ana madirisha matatu ya malipo, na kila dirisha lina matumizi yake. Fedha ya ufuta nimeona ikienda kwenye mambo ya watoto, kwa sababu msimu wake huangukia karibu na likizo ya katikati ya mwaka, wakati wa jando na unyago, ambapo familia hununua nguo, vyakula na kukodi muziki. Bati hungoja korosho. Anayeuza bati mwezi Juni huku kwetu apunguze bajeti, na anayeuza vitenge, sufuria na spika aiongeze.

Jambo jingine ni Ramadhani. Kuna kijana alinakili kampeni ya mwaka uliopita, tarehe zikabaki zilezile, tangazo la tende na unga wa ngano likaanza mfungo ukiwa umeshafika kumi la pili. Ramadhani husogea mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Kitufe cha kunakili kampeni kinasaidia sana, lakini kinanakili pia tarehe, maeneo na hadhira iliyozeeka.

#8 Mtoto_wa_Kitangari

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa Kitangari, naishi Mbagala. Naomba niwaulize jambo ambalo sijaliona kwenye uzi. Paa la nyumba ya mama yangu nililipia mimi. Nilichagua rangi ya bati mimi, nikatuma fedha mimi, mama alipokea mzigo tu. Sisi watu wa Kusini tuliojaa Mbagala na Temeke tuko wengi, na hakuna duka la Mtwara au Newala lililowahi kunitangazia. Matangazo ninayoyaona ni ya maduka ya Dar es Salaam, ambayo kusafirisha bati hadi kijijini ni gharama juu ya gharama. Je, hatumo kwenye hadhira zenu?

#9 Dada_wa_Chikongola

Marahaba, mdogo wangu. Nakiri kwamba hamumo, na swali lako limenifanya nifungue daftari langu upya jioni hii. Nimekuta wanunuzi wengi walioandikwa kijiji cha Newala huku mlipaji akiwa mtu mwingine aliyetuma kwa simu. Tulikuwa tunaandika jina la aliyepokea mzigo, hatuandiki jina la aliyelipa. Kuanzia kesho tutaongeza safu ya sita.

Namna ya kuwafikia nimeifikiria hivi. Kuchora duara Mbagala na kumtangazia kila aliyemo ni kumwaga maji mchangani, kwa sababu wengi hapo hawana uhusiano wowote na Newala. Badala yake nitatengeneza hadhira ya watu waliowahi kuandikiana na ukurasa wetu, kutoa maoni au kutazama video zetu, kisha nitachukua kati yao walioko Dar es Salaam. Mtu anayeishi Dar es Salaam na akatazama hadi mwisho video ya nyumba inayoezekwa Kitangari ana sababu yake. Wao watapata tangazo tofauti na la mkulima: halitataja mnada, litataja kwamba unachagua huku uliko, unalipa, na mzigo unafika kwa mama siku inayofuata kutoka tawi la Newala, pamoja na picha ya mzigo ukiwa uwanjani kwake. Na kwa kuwa ninyi mna mishahara au biashara za kila siku, seti hiyo haitafungwa na kalenda ya korosho; nitaijaribu mwishoni mwa mwezi.

Tahadhari moja ninayoiona: hadhira hiyo itakuwa ndogo, na hadhira ndogo huchoshwa haraka. Ndani ya Ads Manager kuna safu inayoonesha wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo. Mimi nikiona imepita mara nne au tano kwa juma na mazungumzo yamepungua, nabadilisha picha au napumzika. Kuongeza fedha wakati huo ni kumfuata mtu yuleyule nyuma akiwa ameshakataa.

#10 Fundi_Paa_Masasi

Hapo kwenye kupima ndipo ninapokwama. Watu wanakuja WhatsApp, wengine wanapiga, wengine wanaingia dukani moja kwa moja. Nitajuaje ni seti ipi iliyomleta nani?

#11 Dada_wa_Chikongola

Wenye tovuti hutumia viungo vyenye alama za UTM, yaani maneno yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo kuonesha chanzo, njia na jina la kampeni, kisha husoma matokeo kwenye takwimu za tovuti. Sisi tusio na tovuti tunaweza kupata karibu faida ileile kwa salamu. Tangazo la kwenda WhatsApp hukuruhusu kumwandalia mteja ujumbe wa kwanza. Basi seti ya TANECU iwe na "Habari, naulizia bati, niko Newala au Tandahimba", ya MAMCU iwe na salamu yake, na ya Dar es Salaam iwe na "Naulizia bati kwa ajili ya nyumba ya nyumbani". Ujumbe ukiingia, muhudumu anabandika lebo kwenye WhatsApp Business. Programu hiyo inaruhusu lebo 20, kwa hiyo zitumieni kwa mpango: moja ya chanzo na moja ya hatua aliyofikia mteja.

Kwa anayeingia dukani, muulize kwa mdomo ametusikia wapi na uandike. Kama una tangazo la redio juma hilohilo, lipe namba ya simu ya peke yake. Mwisho wa juma hesabu waliolipa, usihesabu waliouliza. Msimu uliopita seti iliyoniletea mazungumzo ya bei nafuu kuliko zote ndiyo iliyouza bati chache kuliko zote, kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri mno na ilivuta vijana waliotaka kujua tu jina la rangi.

Jina la kampeni nalo lisidharauliwe. Mimi naandika mwaka na mwezi, bidhaa, eneo, kisha njia, kwa mfano 2025-10_BATI_TANECU_WASAP, na zote hujipanga zenyewe kwa tarehe. Kampeni inayoitwa "tangazo jipya 3" haitakuambia lolote mwakani.

#12 Mwalimu_Mstaafu_Lindi

Binti, nakupongeza kwa kuandika kwa utulivu. Mimi nina duka la pembejeo, nina umri mkubwa na wateja wangu wengi hawamo Facebook, hivyo nategemea SMS za mkupuo na orodha za WhatsApp. Nina malalamiko mawili. Ujumbe wangu hukatwa kama jumbe mbili au tatu hata ukiwa mfupi, na kwenye WhatsApp nikituma kwa orodha, nusu ya watu husema hawakupata.

#13 Dada_wa_Chikongola

Shikamoo, Mwalimu. La WhatsApp ni jepesi: orodha ya kutuma kwa pamoja huchukua watu 256, na anayepokea ni yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Waombe waihifadhi siku wanaponunua, simu ikiwa mkononi, mbele yako.

La SMS linahitaji maelezo kidogo. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukizidi, hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja na unalipia kila kipande. Lakini hesabu hiyo ni ya herufi za kawaida. Ukiweka hata alama moja isiyo katika orodha ya kawaida, kwa mfano kikaragosi cha tabasamu, ujumbe mzima hushuka hadi herufi 70. Na kwetu wa Lindi kuna mtego ambao watu hawauoni: kama unaandika ujumbe kwenye kompyuta kisha unaunakili, ile alama ya juu katika jina kama Ng'apa hugeuzwa kuwa ya kupinda, na alama ya kupinda haimo kwenye orodha ya kawaida. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 130 unaomwalika mtu wa Ng'apa hulipiwa mara mbili kwa sababu ya alama hiyo moja. Iandike upya kwa alama iliyonyooka ndani ya mfumo wenyewe wa kutumia SMS, na uangalie kihesabu herufi kabla hujabonyeza tuma. Mimi niliwahi kutuma ujumbe wenye tabasamu kwa daftari zima, na bili ndiyo iliyonifundisha.

Jina la mtumaji nalo lisizidi herufi 11, na kila ujumbe uwe na namna ya mtu kujitoa. Anayejitoa aondolewe siku hiyohiyo, kwenye SMS, kwenye WhatsApp na kwenye hadhira uliyoipandisha Meta. Orodha hizo tatu hazizungumzi zenyewe; mtu akifutwa moja hubaki kwenye mbili, na mara ya pili ukimtumia atakuwa na haki ya kukasirika.

#14 Mwalimu_Mstaafu_Lindi

Marahaba. Nimeangalia sasa hivi, na kweli alama yangu ya Ng'apa imepinda. Nimelipia hivyo tangu msimu wa salfa ya kupulizia mikorosho.

#15 Fundi_Paa_Masasi

Dada, swali la mwisho kwa upande wangu. Nimepunguza seti hadi mbili kama ulivyoshauri, na nimeanza daftari lenye safu sita. Lini nizime?

#16 Dada_wa_Chikongola

Zima kwa sababu tatu. Kwanza, mtu wako anayeangalia foleni benki akikuambia imekwisha katika eneo hilo. Hapo ipumzishe seti ya eneo hilo tu. Pili, mara zile za kuonekana zikipanda huku waliolipa hawaongezeki. Tatu, na hii wengi huisahau, stoo ikipungua. Mwaka juzi bati la rangi ya maroon lilituishia Ijumaa mchana, tangazo likaendelea hadi Jumatatu, na watu wakapanda bodaboda kutoka vijijini hadi Newala kufuata bidhaa ambayo haipo. Tangu hapo anayefunga stoo jioni ananitumia idadi ya mabati kwa kila rangi, na bidhaa ikibaki isiyotosha kuezeka nyumba mbili, tangazo lake nalizima usiku huohuo kabla sijalala.